Maji ya Panya na Damu ya Mtani

Nikiomba dua huwa nawataja watu wawili ambao si ndugu zangu: daktari kijana wa kutoka bara na fundi magodoro wa Kinyamwezi. Na kama nisingeogopa kuchekwa, ningemtaja na panya. Wanangu wanasema mama amezeeka. Sijazeeka bado. Nakumbuka tu, na kukumbuka si uzee.

Wakati huo nilikuwa nimeolewa Bagamoyo mjini, ingawa kwetu hasa ni Zinga. Baba yangu Mzaramo, mama yangu Mkwere, na huu mdomo nimeurithi pande zote mbili. Mume wangu alifanya kazi kwenye mashamba ya chumvi. Mtu mpole, asiyesema mpaka aulizwe. Mtoto wetu wa kwanza alikuwa wa kiume, ana miaka mitano hivi, na mgonjwa tangu alipoanza kusimama dede. Siku nzuri anakimbizana na wenzake, siku mbaya analala amejikunja, analia mikono, analia miguu, analia mgongo, wala huoni jeraha la kumwonyesha mtu. Macho yake yalikuwa na umanjano kama mtu aliyetiwa bizari. Tulikwisha kumfunga hirizi. Tulikwisha kumpeleka mpaka Msata kwa mganga aliyesifiwa sana, tukarudi na mzigo wa mizizi na mtoto yule yule. Kila kipupwe kilipoingia, mimi usingizi niliusikia kwa watu.

Ndipo akaja daktari. Alikuwa mrefu, mwembamba, Mkristo, amesomea ng'ambo, na Kiswahili chake kilikuwa cha vitabuni, hata ukitaka kucheka unaona haya. Zahanati yake ilikuwa nyumba ya kupanga yenye baraza pana. Haipo tena, pale sasa pana maduka. Huyo ndiye mtu wa kwanza kuniambia kwamba mwanangu hakurogwa. Alimtoboa kidole, akachukua tone la damu, akalibana katikati ya vioo viwili vyembamba, kisha akapaka kingo mafuta mazito ya kujipaka ili hewa isipite.

"Tungoje, mama," akasema.

Tukangoja. Baadaye akaniita nichungulie kwenye hadubini. Niliona chembe nyingi, za duara, zimejaa kama vitumbua kwenye sinia. Lakini katikati yake zilikuwapo nyingine nyembamba, zimepinda, zina ncha huku na ncha huku. Akaniuliza zinafanana na nini. Nikamwambia mundu wa kukatia mpunga. Akafurahi kweli kweli, akasema hata huko alikosoma wanaziita hivyo hivyo. Akanieleza taratibu: chembe za mtoto huyu zikikosa hewa hujikunja, zikijikunja hukwama kwenye mishipa myembamba, na pale zilipokwama ndipo anapolia. Tena hazidumu, hufa mapema, ndiyo maana damu inampungukia. Nilitoka pale na huzuni, lakini na ahueni pia. Kumbe jirani niliyekuwa nikimdhania mchawi na kumnunia muda wote ule hakuwa na lake jambo. Nilimpelekea bakuli la futari jioni ile ile, naye akashangaa leo limetoka wapi.

Sasa, daktari huyu alikuwa na chupa. Alipewa na mwalimu wake huko ng'ambo. Ndani yake mlikuwa na maji meupe ambayo usingeyatofautisha na ya kisima, mpaka uinue chupa mwenyewe. Yalikuwa mazito ajabu. Ukiyamiminia maji ya kawaida, haya ya kawaida yanaelea juu, kama mafuta ya taa yanavyoelea juu ya maji. Aliniambia kwamba yale yanabeba hewa kwa wingi, kiasi kwamba mnyama mdogo anaweza kuzamishwa humo akaendelea kuvuta pumzi. Huko kwa wataalamu walikuwa wanajiuliza kama siku moja yataweza kufanya kazi ya damu, au kumsaidia kichanga aliyezaliwa mapafu hayajakomaa. Ila yanazifanya nini chembe za damu ya binadamu, hilo yeye hakulijua, na hasa damu yenye mundu. Alitaka kujua. Kwa hiyo kila asubuhi aliomba matone, kwa wagonjwa na kwa wazima.

Mzima wa kwanza kutoa kidole alikuwa mtani wangu. Huyu alikuwa fundi magodoro, Mnyamwezi wa makamo, kofia haimtoki kichwani, anakaa barazani mkabala na zahanati akijaza usufi na kushona kwa sindano ndefu kama mshale. Shingoni ana futi yake ya kupimia, kutwa nzima. Sisi wa pwani hii na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, babu zao walipokuwa wakifika hapa na mizigo kichwani. Nikipita namwambia, "Nyinyi mlitua mizigo mkasahau njia ya kurudi kwenu."

Naye hata kichwa hainui. "Tungerudi, nani angewafundisha kulala juu ya godoro? Tuliwakuta mnalala na kaa."

Siku aliyotoa kidole alimwambia daktari alete na ndoo, maana damu ya Mnyamwezi imebeba pembe za ndovu kutoka Tabora, haiwezi kushindwa na kisindano. Daktari akagundua kwamba chembe za mtu huyu hazijikunji hata zikifungiwa kutwa nzima bila hewa. Akapima mambo yake mengine yote, akawa anamtumia kama mfano wa damu isiyo na kasoro. Basi mtani akivuka barabara kwenda kutobolewa, akitoka anatembea kifua mbele kama aliyeitwa ikulu.

Siku moja daktari akaweka tone la mwanangu kwenye kioo, na ubavuni mwake akaweka kitone cha yale maji, yaliyokwisha kushibishwa hewa kutoka kwenye mtungi wa chuma. Vitu vile havichanganyiki. Damu huku, maji kule, na mpaka katikati. Akaziba kingo kama kawaida. Nilipochungulia baadaye, chembe zilizokaa mbali zilikuwa zimekwisha kuwa mundu. Zile za mpakani, zilizopakana na maji, zilikuwa bado duara, zimetulia.

"Daktari, basi mtie mwanangu hayo maji."

"Siwezi, mama."

"Una choyo nayo?"

"Sina choyo. Rudi saa kumi uziangalie tena."

Nikarudi saa kumi. Baadhi ya zile chembe za mpakani hazikuwa duara tena. Zilikuwa zimeota vijimiba kama stafeli, na nyingine zimepasuka hazionekani vizuri. Daktari akasema, "Hewa yanaleta. Lakini sijui yanachukua nini. Na mwanao si kioo, mama, nikimharibu siwezi kumtupa nikachukua mwingine." Siku ile nilimkasirikia, nikaondoka bila kuaga. Leo katika yote aliyonitendea, neno lile ndilo ninalolishukuru zaidi. Wangapi wangejaribu tu, waone itakuwaje?

Mjini tayari maneno yalikuwa yameanza. Nani wa pwani asiyejua habari za mumiani, watu wanaotafuta damu za wenzao wakazikaushe wafanye dawa? Na huyu mgeni kila siku anatoboa watu, na ana chupa kabatini. Mtu akaulizwa, ya nini? Hajui. Mwingine akaulizwa, hajui. Daktari alipozisikia habari hizi hakukasirika. Alidhani mtu akiona kwa macho yake hofu humwisha. Ndivyo alivyofundishwa, na huko alikofundishwa labda ndivyo ilivyo.

Basi asubuhi moja kinamama tumejaa barazani na watoto, akatoka na gudulia la kioo. Akamimina yale maji. Akaleta panya aliyenaswa stoo, mdogo wa kawaida, akamtia ndani. Panya akaelea, maji yalikuwa mazito kumshinda. Daktari akachukua kichungio cha chai akamkandamiza chini. Panya akafurukuta, akafurukuta, halafu akatulia. Tukajua amekufa. Hakufa. Mbavu zilikuwa zinapanda na kushuka polepole, macho yamefunguka, anatutazama. Alikaa humo mpaka mmoja wetu akaanza kusoma Ayatul Kursi. Daktari akamtoa, akamning'iniza kwa mkia maji yakamtoka puani, akampapasa, akamweka chini. Panya akakohoa kama mtu, akapepesuka, akaingia chini ya benchi.

Daktari akatabasamu, akatungoja tufurahi.

Masikini, hakujua. Kwetu sisi, kiumbe kinachozamishwa kisife hakiitwi panya tena, kina jina jingine ambalo hulitaji barazani asubuhi. Kinamama walianza kuwabeba watoto wao. Mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Leo panya." Hakumaliza, na hakuna aliyemwomba amalize. Kufika alasiri mji mzima ulikuwa na habari kwamba zahanati ile wanazamisha viumbe hai. Kesho yake baraza ilikuwa tupu, na yale maji yakapata jina, maji ya panya.

Nilimwambia, "Daktari, ungeuliza kwanza."

"Ningemuuliza nani?"

"Mimi. Si nipo hapa kila siku?"

Haukupita muda, mwanangu akashikwa na homa. Ilimkamata asubuhi, na keshoye nilipomwinua viganja vyake vilikuwa vyeupe kama vimepakwa unga, midomo haina rangi, anapumua kama aliyetoka mbioni na hata kugeuka hawezi. Nilimbeba mpaka zahanati nikiwa na tumbo la miezi sita. Daktari akamfunua ukope, akampima, akavua miwani.

"Damu iliyobaki ni kidogo sana," akasema. "Lazima atiwe damu leo. Akifika kesho bila damu, sina la kukuahidi."

Nikanyoosha mkono. Akaukataa, kwa sababu ya tumbo. Mume wangu akaitwa kutoka kwenye chumvi, akaja mbio miguu imejaa tope jeupe. Tone lake lilipokutanishwa na la mtoto, chembe zikashikamana vipande vipande, hazipatani. Kumpeleka Dar es Salaam, mvua ilikuwa imeharibu barabara, na daktari alisema mtoto hataimaliza safari. Tukatuma mtu Zinga kwa kaka zangu wawili. Wakaja, Mungu awasamehe, wakafika mpaka mlangoni. Wakachungulia ndani. Gudulia lilikuwa bado juu ya rafu na kichungio cha chai kimelala pembeni yake. Wakasema wanakwenda kunywa maji mara moja. Mpaka leo hii hawajamaliza kunywa.

Daktari akatazama nje, upande wa pili wa barabara. "Yupo mmoja ambaye damu yake naijua yote," akasema. "Inamfaa mtoto. Lakini na yeye alimwona panya."

Nikatazama pia. Baraza ya fundi magodoro haikuwa na mtu. Godoro lilikuwa limelala limejazwa nusu, usufi unapeperuka. Nikajua na yeye amekwenda kunywa maji. Nilikaa chini sakafuni.

Sijui nilikaa kwa muda gani. Nilichosikia ni ndara. Mtani aliingia bila hodi, futi shingoni, hakunitazama mimi, hakumtazama mume wangu. Akaenda moja kwa moja kitandani. Akaivua ile futi, akaitandaza kutoka utosini kwa mwanangu mpaka kisiginoni, akainama kusoma.

"Nimeambiwa kuna kazi," akasema. "Ni mfupi huyu. Sanda yake haitamaliza hata kitambaa."

Utani na misiba vinakwenda pamoja kwetu, nakubali, lakini mwanangu alikuwa bado anapumua. Niliinuka na tumbo langu. Nilimsema yeye, na baba yake, na kijiji alichotoka, na kila mzigo uliowahi kubebwa na ukoo wake. Mengine siwezi kuyaandika hapa, wajukuu wanasoma. Mume wangu alinishika mkono nikamkung'uta. Mtani alisimama ananisikiliza kwa adabu mpaka pumzi ikaniishia.

"Umemaliza?" akauliza, huku anaikunja futi. "Sasa sikiliza, mjakazi wangu. Mtu wenu akifa, mchimba kaburi ni mimi mtani. Na ardhi yenu hii ukichimba kidogo unakuta matumbawe, na mimi mgongo unaniuma. Nimefikiri nikaona kutoa damu ni kazi nyepesi kuliko kuchimba." Akavua kofia, akakunja mkono wa shati, akajilaza kwenye benchi. "Daktari, chukua. Ila iende moja kwa moja kwa mtoto, isipitie kwa panya."

"Haipiti kwa panya," daktari akamwambia.

"Na sindano yako ndogo. Ungeniambia ningekuja na yangu."

Hapo ndipo nilipoona mkono wake wa pili. Alikuwa ameikamata ile futi, ameibana mpaka vidole vimekakamaa. Alikuwa anaogopa. Alimwona panya kama tulivyomwona sote, na aliamini kama tulivyoamini, na pengine alijua kabisa kwamba hataamka kwenye benchi lile. Nilikwenda nikapiga magoti nikaushika mkono ule pamoja na futi yake.

Chupa ilijaa taratibu. Daktari akaitundika, damu ikaanza kushuka kwa mwanangu, tone kwa tone. Kwanza masikio yakapata rangi, halafu midomo. Pumzi ikapungua kasi. Adhana ya magharibi inatolewa, mtoto akafungua macho akasema anataka muhogo wa kukaanga.

Fundi alikuwa anakunywa chai, anajikaza asionekane ana kizunguzungu. "Mmesikia? Damu imefika. Ameanza kudai chakula kama Mnyamwezi." Nililia mbele za watu wote, na nikacheka, na mume wangu, yule asiyesema, akamshika mtani mabega asimwachie.

Watu walimwona fundi akivuka barabara kwa miguu yake mwenyewe, kesho yake wakamwona anashona, na baraza ya zahanati ikaanza kujaa tena pole pole. Kaka zangu nao walikuja, baada ya muda, wakiwa na kuku. Nikampokea kuku.

Daktari alihamishwa baadaye. Maji yake yalikuwa yamekaribia kwisha, yalikuwa yakipotea hewani kila akifungua chupa. Siku ya kuaga aliniambia kwamba siku moja labda watu watatengeneza damu ya kwenye chupa, hakuna mama atakayekaa sakafuni kungoja mtu. Nikamwombea iwe hivyo. Nilimuuliza pia jambo lililokuwa moyoni: ile damu ya mtani itakaa kwa mtoto maisha? Akasema hapana. Chembe za damu hata zilizo nzima huishi miezi kama minne, kisha mwili unatengeneza nyingine. Ya mtani ilikuwa imekwisha kwisha. Anayotembea nayo mtoto ni ya kwake tena.

Hilo sikumwambia mtani. Ningemwambiaje? Kila tukipita alikuwa ananyanyua sindano yake, "Wewe, kijana, damu yangu umeiweka wapi? Nitaitaka, nitakuja kuichukua." Mtoto akikimbia, anajisifu kwa wateja kwamba hizo ni mbio za Kinyamwezi. Akianguka na ugonjwa, kwa maana aliendelea kuanguka na kuinuka, mtani anakuja kukaa miguuni pake na kumgombeza kwamba anaitumia vibaya mali ya watu. Sikumwambia yeye wala sikumwambia mtoto. Waliipenda sana habari yao.

Mtani alifariki mwanangu akiwa na miaka kumi na miwili hivi, mwembamba, macho bado ya manjano. Sisi wanawake tulikuwa ndani na mjane, mlango uko wazi. Wanaume wakanyanyua jeneza, wakapiga hatua chache, wakasimama. Nikanyoosha shingo nione kuna nini. Mwanangu, na kanzu yake nyeupe ya Idi, alikuwa amejilaza chali njiani, katikati ya njia ya jeneza, kama watani wanavyofanya. Shingoni amejifunga futi ya marehemu.

"Hapiti," akasema. "Alisema ataitaka damu yake. Asiondoke bila kuichukua."

Wengine wakacheka, ndiyo desturi, kisha kicheko kikakatika, maana sauti ya mtoto ilikuwa imeanza kuvunjika na hakuinuka. Alikuwa amenyoosha mkono wake wazi, mshipa juu. Mjane aliinuka mkekani, akajikokota mpaka kizingitini, akamtazama.

"Inuka, mume wangu," akamwambia. "Amesema kaa nayo."

Mwanangu akainuka. Akajikung'uta vumbi la kanzu, akaja kuiweka ile futi mikononi mwa mjane, kisha akarudi akatia bega chini ya jeneza upande wa miguuni, alikoweza kufikia.